Kiboko Mmoja Hahesabiwi Mara Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha jana, na leo mjukuu wangu wa kike amevunjika kifundo cha mguu. Nilimwambia. Zile ngazi za kibanda cha bwawani zina utelezi hata kiangazi, na yeye anazipanda na viatu vya mjini, darubini shingoni, daftari mkononi, akili yote kwa viboko. Amefungwa plasta mpaka gotini. Daktari amesema wiki nane asikanyage chini.

Niandike kazi yake ili nisije nikasahau nilianzia wapi. Anahesabu viboko wa bwawa. Amesoma miaka mingi ili aruhusiwe kuwahesabu. Ofisi ya wanyamapori inasema wako themanini, wanamaliza mashamba ya watu, na mvua zikiisha watapigwa risasi ishirini. Mjukuu wangu anasema hawafiki hata nusu ya hao themanini, ukiua ishirini umeua ukoo. Mkuu wa ofisi akamjibu: niletee namba, na chini ya namba jina la mtaalamu wa takwimu, kabla ya tarehe 31 Mei. Jina lako peke yako silitaki, wewe unawapenda hao wanyama.

Kwa hiyo analia, na si kwa sababu ya mguu. Hana mtu wa kuhesabu na hana mtaalamu.

Nikamwambia mtu wa kuhesabu yupo. Akanitazama. Nikasema usinitazame hivyo, nimehesabu shuka za hospitali miaka thelathini na moja na haikupotea hata foronya.

Jumanne, 5 Machi

Maagizo niliyopewa, neno kwa neno: "Bibi, kila asubuhi saa moja mpaka saa tatu. Hesabu viboko unaowaona. Andika namba na hali ya hewa." Hakuna jingine. Nayaweka hapa kama ushahidi, maana nawajua watu wa nyumba hii.

Jumatano, 6 Machi

Mawingu. Viboko 14.

Kibanda ni mbao sita na bati, kimekaa juu ya miguu minne kama kuku aliyelowa. Ndani kuna benchi, msumari wa kutundikia koti, na dirisha lisilo na kioo. Darubini nilihangaika nayo mpaka nikaiweza. Kumbe kiboko ana uso. Nilidhani ni pipa lenye masikio.

Yupo mmoja jike, mnene, anawasukuma wengine kwa kidevu na kila mmoja anampisha. Nimemwita Matroni. Wa kazini kwetu alikuwa hivyo hivyo, hata kidevu.

Alhamisi, 7 Machi

Jua. Viboko 9. Matroni na wenzake wa jana walikuwepo, lakini hao nilishawaandika.

Nimeona mmoja mwenye kovu chini ya jicho la kushoto, limenyooka kama kalamu. Huyo ni Karani.

Ijumaa, 8 Machi

Manyunyu. Viboko 5.

Jumatatu, 11 Machi

Viboko 4. Jirani yangu fundi cherehani ananiuliza dirishani, "Shoga, umepata kazi uzeeni?" Nikamwambia kazi imenipata mimi. Akasema viboko wanakula watu. Nikasema basi watakula mfupa, nyama iliisha zamani.

Jumamosi, 16 Machi

Juzi 2, jana 1, leo 2. Mvua kubwa. Nimempa mjukuu daftari alitazame kama tulivyokubaliana, kila Jumamosi. Alitazama, akafunga, akageukia ukutani. Nikamuuliza una nini? "Hakuna, Bibi. Mvua zikinyesha huwa wanatawanyika." Sikuona linalomliza hapo. Kazi inakwenda vizuri, wapya wanakaribia kwisha.

Ijumaa, 22 Machi

0. Mvua.

Jumanne, 26 Machi

Kiboko 1. Simjui kabisa huyu, sikio la kulia limechanika kama pindo la shuka kuukuu. Alitokea, akanionyesha sikio, akazama. Nimemwita Daktari wa Zamu, maana ndivyo walivyo, ukimwona leo mshukuru Mungu.

Jumatano, 27 Machi

0. Nimefika 38 kwa jumla na naamini nimewamaliza.

Kuhusu huyo mtaalamu. Mjukuu ameandika barua pepe saba kwa watu saba wa vyuo. Kaniomba niisikilize mojawapo. "Mheshimiwa, natafuta mtaalamu wa takwimu wa kushirikiana naye katika utafiti wa idadi ya viboko." Nikamwambia umeandika kama mtu anayeomba kuazima sufuria. Useme kuna viboko ishirini watakufa. Akasema wasomi hawaandikiani hivyo. Basi wasomi hawajibiani, maana hadi leo kimya.

Anadhoofika. Chakula anakizungusha kwenye sahani.

Jumatano, 3 Aprili

Leo kuna la kuandika, na sehemu yake si nzuri kwangu.

Mmoja wa wale saba amepiga simu. Mhadhiri. Mjukuu aliweka simu mezani ili sauti itoke, akakaa wima na mguu wake juu ya kiti kama anayehojiwa kazi. Mhadhiri akasema sawa, nitumie hizo namba, nina mwanafunzi atazipitisha kwenye kompyuta, siku mbili tu. Ila jina langu litangulie.

"Hakuna shida," mjukuu akasema. "Ungependa kuja kuliona bwawa?"

"Bwawa gani?"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikaivuta simu. "Mwanangu, unataka jina lako litangulie kwenye kazi usiyojua hata inafanyika wapi?"

"Nani anaongea?"

"Anayehesabu."

"Sikilizeni, mimi ni mtu mwenye shughuli nyingi."

"Nenda nazo basi."

Akakata. Nilidhani mjukuu atacheka. Akasema polepole, "Bibi, alikuwa ndiye pekee aliyejibu." Akachukua magongo yake, akaenda chumbani, akafunga mlango. Yeye hafungi mlango hata siku moja.

Nilichosema kilikuwa kweli. Lakini kilikuwa chake kusema, si changu.

Alhamisi, 4 Aprili

0. Jua kali. Hatusemezani.

Jumatatu, 8 Aprili

Aliyefukuza mtaalamu na alete mtaalamu. Hivyo nilijiambia asubuhi nikioga.

Nilimuuliza fundi cherehani, maana watu wote wa mji huu wamepita kwake wakiwa wamevaa nguo nusu, na mtu aliyevaa nusu husema yote. Akafikiri, pini mdomoni. "Yupo mmoja kiwanda cha maziwa. Namfupishia suruali. Kasomea hizo takwimu chuo kikuu, sasa anafungua pakiti."

"Anafungua pakiti?"

"Anafungua moja, zinauzwa elfu. Usiniulize zaidi."

Nikaenda. Mlinzi wa getini akaniuliza nina miadi? Nikamwambia mimi nina viboko. Akaniruhusu, nadhani kwa woga.

Chumba chenyewe ni cheupe, baridi kama mochari, meza ndefu ya chuma, pakiti za maziwa zimepangwa kwa mistari. Mtaalamu ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, mabega yameinama, koti jeupe lina vifungo vitatu badala ya vitano. Alisema "Shikamoo, Bibi," halafu akanisubiri. Wengi hawawezi kusubiri.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anafungua pakiti chache, anapima, kisha anasema habari za pakiti zote.

"Hizo usizofungua unazijuaje?"

"Sizijui. Najua ninaweza kukosea kwa kiasi gani."

"Na wanakulipa kwa hilo?"

"Hilo ndilo wananilipa, Bibi."

Nikamweleza viboko, risasi ishirini, mwisho wa mwezi wa tano, mguu, mhadhiri. La mhadhiri nilieleza lote, pamoja na upande wangu. Akanisikiliza akiwa ameshika pakiti moja mikononi.

"Mimi ni mtu wa pakiti," akasema. "Sijawahi kushughulika na wanyama."

"Pakiti zinakimbia?"

"Hapana."

"Zinazama?"

"Hapana."

"Basi umeshafanya rahisi miaka yote hiyo. Njoo Jumamosi ufanye ngumu."

Akatazama zile pakiti zake zilivyojipanga, akasema atakuja.

Jumamosi, 13 Aprili

Amekuja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi moja imetoboka. Mjukuu alimpokea kwa adabu ya mgonjwa, hakuwa na tumaini. Fundi cherehani alipita dirishani mara tatu. Mara ya tatu akaninong'oneza, "Mchumba?" Nikamwambia takwimu. Akasema wanafanana.

Bwana Maziwa, ndivyo ninavyomwita na hakukataa, alilichukua daftari langu, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Chai ikapoa. Mjukuu akaanza kujitetea, "Unaona zinavyoshuka. Kumi na nne, tisa, tano, nne. Mvua huwatawanya, lakini si hivi. Nadhani kuna mtu anawaua."

Bwana Maziwa akasema, "Zimeshuka vizuri mno. Hivi ndivyo kreti inavyopungua mtu akitoa pakiti bila kurudisha." Akanigeukia. "Bibi, nani anawatoa bwawani?"

"Hakuna anayewatoa. Wapo."

"Leo asubuhi walikuwepo?"

"Ishirini na kitu. Matroni alikuwa na hasira."

Mjukuu akageuka na mguu wake. "Bibi. Leo umeandika sifuri."

"Ndiyo. Wote ni wa zamani."

Nikaona haja ya kuwaeleza watu wazima jambo la wazi. Mwaka wangu wa kwanza chumba cha kufulia kulikuwa na mtu mmoja, shuka zikipungua alichota za rafu ya juu, zilizokwisha kuhesabiwa, akazipitisha mezani mara ya pili. Hesabu ikatimia kwenye karatasi, na shuka ziko kitandani kwake nyumbani. Mimi ndiye niliyemkamata. Tangu siku hiyo kila shuka niliyoihesabu niliitia uzi mwekundu kwenye pindo, na yenye uzi hairudi mezani. Kitu kinahesabiwa mara moja. Ukikihesabu mara mbili ni wizi, hata kama hujachukua kitu.

"Viboko sikuweza kuwatia uzi," nikasema, "nikawatia majina."

Mjukuu alifunika uso. "Wiki tano, Bibi! Wiki tano! Nilitaka unaowaona, wote, kila siku!"

"Hukusema wote. Hukusema kila siku wale wale. Maneno yako ninayo, niliyaandika tarehe tano Machi."

Tungefika mbali. Lakini Bwana Maziwa alikuwa anacheka. Sikujua kama anaweza. Alicheka bila sauti, mabega tu.

"Usimgombeze," akamwambia mjukuu wangu. "Watu hukamata wanyama kwa mitego, wanawatoa, wanahesabu kila siku wanapata wangapi wapya. Wapya wakipungua, unaweza kukadiria waliobaki ambao hujawaona. Ni kazi kubwa na wanyama huumia. Bibi amewatoa kwa macho." Akaweka kidole kwenye ile thelathini na nane. "Hii inatumika. Ikiwa kweli anawatambua."

"Ikiwa?" nikasema.

"Ikiwa, Bibi. Itabidi tupime."

Nimeandika kurasa tatu. Mkono unauma. Hilo neno "ikiwa" sijalipenda.

Jumapili, 14 Aprili

Mjukuu amekula sahani nzima.

Jumatatu, 22 Aprili

Sasa naandika wote, kila siku, wa zamani na wapya, kwa majina. Leo 24. Mkono wangu unakataa. Kila ninapomwandika Matroni mara nyingine namwona yule mwizi wa shuka ananicheka.

Jumamosi, 27 Aprili

Wamenipima.

Mjukuu ana viboko kumi na wawili anaowafahamu bila shaka, aliwafuata na kamera miaka miwili. Wakachapisha picha sitini za hao, pande zote, jua na mvua, wakazichanganya kama karata. Kazi yangu ilikuwa kusema kila picha ni nani kwa majina yangu, bila kujua herufi na namba alizoandika yeye nyuma. Nilikaa mezani kama mtoto wa shule. Nilimaliza kabla chai haijachemka. Nikawaambia, haya.

Bwana Maziwa akageuza picha moja moja, akipiga mistari kwenye karatasi. Mjukuu akawa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hamsini na tano sawa," akasema. "Hii ni kazi nzuri sana, Bibi. Sijaona mashine ya kiwandani kwetu..."

"Na tano?"

Akaziweka mbele yangu. Mbili nilichanganya mama na binti yake, picha zilikuwa na ukungu, hilo nakubali. Tatu zilikuwa za mnyama mmoja. Picha zake nyingine, zilizoonyesha kushoto, nilimwita Karani. Hizo tatu zilionyesha kulia, nikasema Daktari wa Zamu.

"Ni mmoja, Bibi," mjukuu akasema kwa upole. "Kovu liko kushoto, sikio lililochanika liko kulia. Ni yule yule."

Nikasema haiwezekani. Nikasema Karani niliandika tarehe saba Machi na Daktari tarehe ishirini na sita. Kisha nikasikia nilichokisema. Nilimwandika mara mbili.

Bwana Maziwa akasema, "Ni vizuri tumelijua. Nitaliweka kwenye ripoti, jedwali dogo tu, makosa ya mhesabuji, matano katika sitini. Bila hilo siwezi kusema tunaweza kukosea kwa kiasi gani."

"Utaandika kwamba mimi nakosea? Na mkuu wa ofisi asome?"

"Ndiyo."

Mjukuu akaingilia, "Labda tuseme thelathini na saba tu, tuache jedwali."

"Bila jedwali jina langu haliingii," akasema Bwana Maziwa, taratibu kabisa, kama anayeomba sukari.

Nikainuka. Nikawaambia watafute mwenye macho mazuri zaidi. Darubini nimeiacha mezani.

Jumapili, 28 Aprili

Sikwenda.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikwenda. Mjukuu ametolewa plasta. Mguu umekuwa mwembamba kama wa ndege.

Jumanne, 30 Aprili

Sikwenda. Mvua siku nzima. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Fundi cherehani akaja na shati mkononi, akaketi bila kukaribishwa. "Unaumwa?" Nikasema siumwi. "Basi umekosea," akasema. "Mwanamke mzima hafui mapazia wakati wa mvua ila amekosea mahali." Nikamfukuza. Alitoka akicheka, akasahau shati.

Jumatano, 1 Mei

Nilikwenda kibandani bila darubini, bila daftari. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Picha ni karatasi.

Nilikaa tangu saa moja. Karani alikuwepo, karibu na mianzi, ametazama kushoto, kovu lake limelala chini ya jicho kama kawaida. Hakugeuka. Saa mbili hakugeuka. Saa tatu nilitakiwa kuondoka, nikabaki. Nikamwambia kwa sauti, geuka, kama wewe ni mwanamume, geuka. Mvua ikapiga bati mpaka sikusikia sauti yangu mwenyewe. Saa tano Matroni akapita kwa nyuma, akampiga kidevu, na Karani akageuka akimfokea, mdomo wazi.

Sikio la kulia lilikuwa limechanika kama pindo la shuka kuukuu.

Nilifikiria miaka thelathini na moja ya shuka. Sikuwahi kupimwa hata siku moja. Niliwapima wengine. Nilisema haikupotea hata foronya, na kila mtu aliitikia, maana nani angebisha na mimi na mdomo wangu huu? Sijui kama ni kweli haikupotea. Nimelisema sana mpaka limekuwa kweli.

Nilirudi nimelowa. Mjukuu alikuwa jikoni, anajaribu kutembea. Nikamwambia, "Ni mmoja." Akasema, "Najua, Bibi." Nikasema hujui, ulisoma nyuma ya picha. Mimi nimeona.

Jumamosi, 4 Mei

Bwana Maziwa alifika na viatu mkononi, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua atapokelewa vipi. Nikamwambia ingia, usinichungulie. Andika jedwali lako. Andika na la Karani lilivyotokea, kwamba niliona upande mmoja. Kama ni kuvuliwa nguo basi nivuliwe vizuri.

Akasema, "Asante, Bibi." Halafu akasema jambo ambalo nimelifikiria mchana kutwa. Kiwandani kwao, kabla yake, alikuwepo mpimaji ambaye hakuwahi kukuta pakiti mbovu hata moja. Walimpenda sana. Watoto wakaugua.

Jumatatu, 13 Mei

22. Mvua inapungua. Bwana Maziwa anakuja kila jioni akitoka kazini, wanakaa na mjukuu mezani, kompyuta moja, vichwa viwili. Wanabishana kwa sauti ya chini. Nimemkuta anamwambia, "Hapa unasema unachotaka kiwe," naye mjukuu amefuta sentensi nzima bila kununa. Kwangu hafuti hata nukta.

Soksi nimemshonea.

Jumamosi, 25 Mei

Ripoti imekwisha. Kurasa kumi na moja. Mjukuu alinisomea ya mwisho: viboko wa bwawa ni arobaini, kati ya thelathini na sita na arobaini na tano.

Nikauliza, sasa ni wangapi? Arobaini au arobaini na tano?

"Hatujui kamili, Bibi," akasema Bwana Maziwa. "Tunajua hapo katikati."

Zamani ningesema namba yenye mkia wa aina hiyo ni ya mtu mvivu. Chini kuna majina mawili, la mjukuu na lake, na lake limefuata la mjukuu. Yeye mwenyewe alipanga hivyo. Ukurasa wa sita lipo jedwali langu.

Ijumaa, 31 Mei

Tulikwenda watatu. Mjukuu ana fimbo, Bwana Maziwa ana suruali mpya aliyofupishiwa, mimi nina kanga yangu ya kutokea. Ofisi ya wanyamapori ni chumba chenye feni inayolia, ramani ya bwawa ukutani, na fuvu la kiboko limewekwa juu ya mafaili yasipeperuke. Nililitazama sana lile fuvu.

Mkuu wa ofisi si mtu mbaya. Amechoka, ana masizi chini ya macho, na watu wa mashamba wamemkalia shingoni tangu mwaka jana. Alisoma kwa makini, hilo nampa. Alipofika ukurasa wa sita akasimama.

"Makosa ya mhesabuji, matano katika sitini. Huyu mhesabuji ni nani?"

"Mimi."

"Wewe, mama? Umesoma takwimu?"

"Nimesoma darasa la nne."

Akamtazama mjukuu wangu kwa huruma, huruma ile mbaya. "Binti, nilikuomba namba niitetee kwa wakubwa. Unaniletea bibi yako, na bibi yako mwenyewe anakiri amekosea mara tano?"

Mjukuu alifungua mdomo. Safari hii nilimtazama kwanza. Akafunga mdomo, akaniashiria kwa kichwa, sema.

"Mwanangu," nikasema, "tano zangu ziko hapo, zimeandikwa, na zimeshaingizwa kwenye hesabu. Zako themanini zimekosea mara ngapi?"

"Za ofisi hazijakosea."

"Nani alizihesabu?"

Akamwita karani wake. Karani wa kweli huyu, mwenye kalamu sikioni. Akaleta faili nene. Ni barua za malalamiko. Kila mwenye shamba aliandika viboko wangapi wamemwingilia, huyu wanne, yule sita, yule watatu. Ofisi ikajumlisha. Themanini.

Feni ikalia. Nikauliza, na sikuwa na hasira, nilikuwa nauliza kweli, "Kiboko akitoka kwa huyu akaingia kwa yule?"

Karani akasema, "Anaandikwa kwa huyu na kwa yule."

"Mimi nilimwandika mara mbili kiboko mmoja tu, msimu mzima, na sikula siku tatu. Nyinyi mnamwandika mara sita halafu mnampiga risasi."

Mkuu wa ofisi alilivuta lile faili la malalamiko, akasoma barua moja, akasoma nyingine, akalinganisha tarehe. Zilikuwa za usiku mmoja, mashamba mawili yaliyopakana. Akasoma ya tatu. Sote tulimsubiri. Nimejifunza kusubiri kwa mtu wa maziwa.

Mwishoni akamuuliza Bwana Maziwa, "Jina lako linabaki hapa? Wakubwa wakiniuliza nikuite?"

"Niite," akasema. "Nitakwambia hicho hicho, pamoja na jedwali."

Akachukua muhuri. Kibali cha kuua ishirini amekisimamisha mpaka kiangazi, wahesabiwe upya, na safari hii amesema ofisi yake itatoa mtu wa pili wa kuhesabu na huyo naye apimwe kwa picha. "Apimwe kama huyu mama," ndivyo alivyosema. Kuhusu mashamba ameahidi kuongea na watu juu ya mitaro ya kuwazuia. Tutaona. Watu walioliwa mahindi yao na kiboko hawali takwimu, na hilo nilimwambia mjukuu njiani.

Fundi cherehani alikuwa amekaa kizingitini kwetu anatusubiri. "Wamepona?" Nikamwambia mpaka kiangazi. "Na takwimu?" akauliza, jicho kwa Bwana Maziwa. Nikamwambia ashughulike na mapindo yake.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua zimekwisha. Maji ya bwawa yametulia, viboko wamerudi kusongamana kwenye kina.

Mjukuu amepanda ngazi za kibanda leo kwa mara ya kwanza, taratibu, na viatu vya maana. Bwana Maziwa ametupa utaratibu mpya: tuhesabu wawili kwa wakati mmoja, kila mtu na daftari lake, bila kusemezana wala kuchunguliana, kisha tulinganishe. Saa mbili nzima pamoja na mjukuu wangu bila neno. Nilimsikia anapumua tu. Anaposhangaa huvuta pumzi kama mama yake.

Saa tatu tukafungua madaftari. Yeye ishirini na mbili. Mimi ishirini na nne.

Akanitazama tu, anajua anayekaa naye.

Nikamwambia, mmoja wetu amekosea. Pengine ni mimi.

Sidhani. Lakini pengine.